Oksijeni Moja Katika Tope la Kiroka

Paukwa! Pakawa.

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, ina atomu.

Mnayajua majaruba ya Kiroka, kule mashariki mwa Milima ya Uluguru, maji ya mlimani yanakotuama kwenye mpunga? Ukilikanyaga tope, vipovu hupanda. Mmecheza navyo sana bila kuuliza vimebeba nini. Ndani yake mna methani. Chini ya maji yale hewa haifiki vizuri, na vijidudu vinavyoozesha mabua na mizizi huko chini hutoa gesi hiyo. Hata ng'ombe huitengeneza tumboni, akibeua inamtoka.

Atomu ya kaboni ina mikono minne. Katika methani kila mkono umeshika haidrojeni moja, pande zote sawasawa, basi. Hakuna upande wenye mvuto, kwa hiyo molekuli moja haina haja kubwa na jirani yake. Ukitaka methani iwe kimiminika, uipoze hadi nyuzi 161 chini ya sifuri, baridi ambayo kilele cha Kimhandu, huko huko Uluguru, hakitaijua kamwe. Na kwenye maji haikai: inapanda, kipovu kinapasuka, inakwenda zake angani.

Sasa iondoeni haidrojeni moja. Mahali pake wekeni oksijeni iliyoshika haidrojeni yake. Hiyo ni methanoli. Oksijeni ina choyo, huvutia elektroni kwake, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na ile haidrojeni ikabaki na chaji chanya kidogo. Chanya ya huyu hunasa kwenye hasi ya yule, molekuli zikashikana. Kwa sababu hiyo methanoli ni kimiminika, haichemki mpaka ifike nyuzi 65.

Mtaniuliza: babu, si kwa sababu ni nzito zaidi? Swali zuri. Molekuli ya methani ina uzito wa 16, ya methanoli 32. Lakini gesi ya oksijeni mnayoivuta puani sasa hivi nayo ina 32, na huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri! Kwa hiyo uzito hautoshi kuleta tofauti yote hiyo. Kinachoileta hasa ni kule kushikana.

Lipo jambo moja hapa ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Katika tope lilelile, karibu na mizizi ya mpunga ambako oksijeni kidogo hupenya, wapo bakteria wengine ambao chakula chao ni methani. Hatua yao ya kwanza ya kuila ni kuipachika oksijeni moja, yaani kuigeuza methanoli, kisha huendelea kuivunja. Binadamu kwa kazi hiyo hujenga viwanda vyenye joto kali na mgandamizo mkubwa.

Maji nayo yana oksijeni na haidrojeni za kunasana, ndiyo maana methanoli ikimiminwa majini huchanganyika yote, bila kipovu wala rangi. Hapo hadithi inaharibika, maana namna hiyohiyo huingia damuni. Ini huigeuza kuwa fomaldehidi, halafu asidi ya fomiki, na asidi hiyo huharibu neva za macho. Methani hatari yake ni moto, au kumkosesha mtu hewa ikijaa mahali palipofungwa. Methanoli ni sumu yenyewe.

Mwezi Novemba mwaka 2000, jijini Nairobi, pombe haramu iliyoitwa kumi kumi ilikuwa imetiwa methanoli. Ikaua zaidi ya watu 100, na wengine wakapofuka. Wanywaji hawakuwa wajinga. Methanoli inakaribiana sana kwa harufu na ladha na ethanoli, kile kilevi kilichomo kwenye pombe ya kawaida, na ulimi hauwezi kuzitenganisha. Ukiletewa gongo kwenye chupa, huna namna ya kujua aliyeiuza ameongeza nini.

Dalili nazo huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Kwa hiyo mkimsikia mjomba, siku moja baada ya kunywa, akilalamika kwamba tumbo linamuuma na anaona ukungu mbele ya macho, msimwache alale eti ni uchovu wa pombe. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari alikunywa nini. Dawa ya kulizuia ini lisiigeuze ile methanoli ipo, lakini husaidia ikiwahi.