Mipango ya Umeme Thika na Ruiru
Sehemu ya Pili: Mzigo, Volteji na Ardhi

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu mitambo inayozalisha umeme. Sehemu hii inahusu kazi isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni hesabu inayofanywa kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa. Maeneo ya Thika na Ruiru yanafaa sana kwa maelezo haya, kwa kuwa katika muda wa karne moja yamepitia hali mbili zinazopingana. Mwaka 1908, Nairobi ilipoanza kupata umeme, chanzo chake kilikuwa maporomoko ya Mto Ruiru, na mwaka 1925 mtambo wa Ndula, wenye uwezo wa megawati 2, ulianza kazi kwenye Mto Thika. Wakati huo maeneo haya ya mashamba ya kahawa yalitoa umeme mwingi kuliko yalivyoutumia. Leo mambo yamegeuka: kwa mujibu wa hesabu ya watu, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi zaidi ya 238,000 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2019 walikuwa wamepita 490,000, ongezeko lililochochewa kwa kiasi kikubwa na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 na kuyafanya mashamba yaliyokuwa mbali kuwa viwanja vya nyumba za kupangisha.

Mpangaji wa umeme huanza na mzigo, yaani jumla ya nguvu inayovutwa na vyombo vyote vilivyowashwa kwa wakati mmoja. Maneno muhimu hapa ni "kwa wakati mmoja". Ichukuliwe ghorofa moja katika mitaa ya Ruiru kama Kihunguro au Kimbo yenye nyumba 40, na kila nyumba ina shawa ya moto ya kilowati 5, birika la kilowati 2 na pasi ya kilowati 1. Kwa kujumlisha tu, ghorofa hiyo inahitaji kilowati 320. Lakini wapangaji wote hawaogi dakika ile ile, wala hawapigi pasi wote kwa pamoja, na kadiri nyumba zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo matumizi yao yanavyopishana. Ikikadiriwa kwamba mchango wa kila nyumba katika saa ya matumizi makubwa ni kilowati 2, ghorofa nzima itahitaji kilowati 80. Akijenga kwa kilowati 320, mpangaji wa umeme atakuwa ametupa fedha. Na akikadiria chini mno, transfoma itachemka, mafuta yake yataharibika, na fyuzi zitakatika kila jioni.

Kosa linalotokea mara nyingi Ruiru halitokani na kutojua hesabu hiyo, bali linatokana na ardhi kubadilika matumizi baada ya hesabu kukamilika. Transfoma ya kilovolti-ampia 200, yaani yenye uwezo wa kubeba takriban ampia 278 katika kila waya wa njia tatu za volti 415, inaweza kuhudumia mtaa wa nyumba za familia moja moja kwa miaka mingi bila taabu. Mtaa huo huo ukijengwa ghorofa kumi za aina iliyotajwa, mzigo unafikia kilowati 800, na hakuna fundi anayeweza kuitibu hali hiyo kwa kubadilisha fyuzi.

Baada ya mzigo huja volteji, ambayo ni msukumo unaoendesha mkondo wa umeme ndani ya waya. Nguvu ile ile inaweza kusafirishwa kwa msukumo mdogo na mkondo mkubwa, au kwa msukumo mkubwa na mkondo mdogo, na kwa kuwa joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, tofauti ya njia hizi mbili si ndogo. Megavolti-ampia 6 zikipitishwa kwenye laini ya kilovolti 11 huhitaji mkondo wa ampia 315 hivi. Zikipitishwa kwenye laini ya kilovolti 66 huhitaji ampia 52 tu, na upotevu ndani ya waya wa unene ule ule hushuka mara 36. Ndiyo sababu umeme huletwa karibu na miji kwa kilovolti 220 au 132, ukashushwa hadi 66, kisha katika vituo vidogo ukashushwa hadi 11, na hatimaye transfoma ya mtaani ikautoa kwa volti 415 na 240. Hatua ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwa fupi kuliko zote. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya volti 240 hupata stima hafifu, mota ya friji ikashindwa kuanza, na dawa yake ya kudumu ni kusogeza transfoma karibu na watu.

Mzigo wa Thika una tabia yake. Viwanda vya nguo, mafuta ya kupikia na kusindika matunda hutumia umeme kwa saa nyingi mfululizo, ilhali mzigo wa mitaa kama Makongeni na Ngoingwa hupanda ghafla jioni. Laini inayochanganya wateja hawa wawili hutumika vizuri zaidi kuliko inayohudumia kundi moja. Hata hivyo mota za viwandani huvuta pia mkondo wa kuunda usumaku, ambao haufanyi kazi yoyote ya kiwanda lakini hujaza nafasi ndani ya waya na transfoma. Kampuni ya Kenya Power hutoza ziada pale ambapo uwiano wa nguvu yenye kufanya kazi na nguvu yote inayovutwa unashuka chini ya 0.9, na mwenye kiwanda hujiokoa kwa kufunga kapasita zinazouzalisha mkondo huo papo hapo.

Upo msemo wa mitaani kwamba Thika haipaswi kukosa stima kwa kuwa ina mtambo wake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2013 mtambo wa Thika Power, unaotumia mafuta mazito na wenye uwezo wa megawati 87, upo karibu na mji huo. Lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na nguzo ikianguka kwenye laini ya kilovolti 11 inayoelekea mtaa fulani, megawati hizo haziufikii mtaa huo hata zikiwa umbali wa kilomita chache. Uhakika wa umeme hutegemea zaidi kanuni ya kifaa cha akiba: kituo chenye transfoma mbili za megavolti-ampia 23 hakipaswi kupangiwa mzigo wa 46, kwa sababu moja ikiharibika ni lazima iliyobaki iweze kubeba wateja wote, na vivyo hivyo laini iwe na mwenzake wa kuipokea pale inapokatika.

Tatizo gumu kuliko yote haya ni mahali pa kupitisha na kuweka vifaa. Laini ya kilovolti 132 huhitaji ukanda wa mita 30, na ya 220 mita 40, ambao haujengwi nyumba. Palipokuwa na shamba moja la kahawa, mazungumzo yalikuwa na mwenye shamba mmoja. Likishagawanywa kuwa viwanja mamia, mazungumzo ni na wamiliki mamia, kila mmoja akidai fidia yake. Transfoma hununuliwa na kuletwa kwa lori, lakini kiwanja cha kituo kidogo katikati ya Kimbo hakiagizwi kutoka popote.

Kwa hiyo Serikali ya Kaunti ya Kiambu, ambayo ndiyo inayoidhinisha ugawaji wa ardhi na ramani za majengo, inapaswa kukataa kuidhinisha ramani yoyote ya shamba kubwa isiyoonyesha kiwanja cha kituo cha umeme na njia ya laini zake. Sehemu ya tatu itaeleza vifaa vya kinga na jinsi vinavyopangwa ili hitilafu ya mtaa mmoja isizime mji mzima.