Bluberi Uani Huko Jego? Bora Mtandamboo

Kwamba bluberi huota Kenya halina ubishi. Kampuni ya Kakuzi huzilima Murang'a, na yako mashamba mengine upande wa Nanyuki. Mkazi wa Jego, huku pwani ya Kwale, ana haki basi ya kuuliza kwa nini asipande miche miwili mitatu uani. Kwa maoni yangu asipande, na kikwazo cha kwanza si joto kama wengi wanavyodhani, ni udongo na maji. Asili ya mmea huu ni Amerika Kaskazini, kwenye ardhi chepechepe yenye asidi, na kwa miaka mingi watu waliuchuma porini tu, maana walioujaribu shambani waliambulia patupu. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, alionyesha kwamba hauwezi kuishi bila udongo wa asidi. Akashirikiana na Elizabeth White wa New Jersey, na mwaka 1916 wakauza mavuno yao ya kwanza. Bluberi hutaka pH ya 4.5 hadi 5.5. Ukanda wa Diani hadi Vanga, kwa upande wake, sehemu kubwa umekalia mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, na maji ya visima vyake huibeba chokaa hiyo. Penye chokaa nyingi mizizi ya bluberi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata yakiwemo. Majani hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani, na mche hudumaa. Samadi haiusaidii kitu.

Atatokea wa kusema: panda kwenye ndoo, uchanganye udongo wako mwenyewe. Sawa, lakini utamwagilia maji gani? Ya kisima yataurudisha udongo kwenye chokaa polepole, na ya mvua hayatoshi hadi mwisho wa kiangazi. Tena mizizi ya bluberi ni myembamba na haizami, kwa hiyo ndoo iliyochomwa na jua la Januari huikausha upesi. Mwingine atataja Peru, nchi ya tropiki iliyo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bluberi duniani. Hoja hiyo ina uzito, kwani zipo aina zisizohitaji baridi kali. Ila pwani ya Peru hupozwa na mkondo baridi wa bahari, na wakulima wake hutia asidi kwenye maji ya matone. Hiyo ni kazi ya mtaji, si ya ua.

Mwenye nafasi kubwa apande mzambarau, ambao rangi ya tunda lake hutokana na kemikali za jamii ileile zinazoipa bluberi rangi yake. Mwenye ua mdogo apande mtandamboo, kichaka cha miiba cha huku huku, chenye vitunda vinavyoiva vikawa vyeusi vya zambarau na vitamu. Soko lake ni dogo, nakubali, lakini hufaa kuwa ua wa kuzuia mbuzi na haudai dawa. Otesha mbegu zake mvua za masika zikianza, na bluberi ukizitamani, nunua za Nanyuki.