Trekta Lililowashwa kwa Usukani

Mwaka 1921, kiwanda cha Heinrich Lanz mjini Mannheim, Ujerumani, kilitoa trekta lisilo na betri, starta wala plagi. Mhandisi Fritz Huber alilipatia silinda moja tu, iliyolala, yenye ujazo wa zaidi ya lita 6. Sura ya injini yake iliwakumbusha watu uso wa mbwa wa aina ya bulldog, na jina likaganda: Bulldog.

Nguvu yake ilikuwa ya farasi 12, karibu sawa na bodaboda ya sisi 150. Ila bodaboda huipata nguvu hiyo kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Bulldog liliipata kwa mizunguko isiyofika mia tano, kwa pigo zito la pistoni kubwa. Ndiyo maana likiwa limesimama huku linanguruma, lilitikisika lote.

Kuliwasha kulihitaji moto. Dereva aliwasha taa ya kuchomea, inayovuma kama jiko la pampu, akauelekeza mwali kwenye kichwa cha silinda. Humo mna chemba ya chuma mfano wa kibuyu. Kibuyu kikishapata moto vya kutosha, alichomoa usukani pamoja na mhimili wake, akauchomeka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, akalisukasuka huku na huku mpaka mlipuko wa kwanza ukasikika. Hapo aliuchomoa upesi na kuurudisha mahali pake. Tangu hapo, milipuko yenyewe ilikiweka kibuyu katika joto lake.

Dizeli ya kawaida huwasha mafuta kwa kubana hewa mno hadi ipate joto kali. Bulldog lilibana kidogo; joto lililobaki lilitoka kwenye kibuyu. Kwa hiyo liliweza kuchoma mafuta mazito ya bei rahisi ambayo injini nyingine zingeyakataa.

Halikuwa na valvu za silinda pia: pistoni yenyewe ilifungua na kuziba matundu ya hewa na moshi. Injini ya namna hiyo huzunguka upande wowote. Bulldog la kwanza halikuwa na gia ya rivasi. Ili kurudi nyuma, dereva alipunguza mafuta hadi injini ikakaribia kuzima, kisha akayaongeza pistoni ilipokuwa inapanda. Mlipuko uliirudisha nyuma, nayo ikaanza kuzunguka kinyume. Asiye makini angeweza kutia gia ya kwenda mbele, akajikuta anarudi nyuma.

John Deere iliinunua Lanz mwaka 1956, na mwaka 1960 Bulldog likakoma kuundwa. Wakulima walikwisha kuonja injini za kuwasha kwa kubonyeza kitufe.

Huber alimfikiria mkulima aliye mbali na karakana, akampa mashine yenye vipuri vichache na isiyochagua mafuta. Nawe unayetaka kununua trekta leo, kabla ya kutazama rangi na idadi ya farasi, uliza kwanza: likiharibika shambani, nani atalitengeneza, na kwa vipuri vya kutoka wapi?