Mafuta ya mimea kwa uso wenye chunusi: Tuyapime kwa elimu, si kwa sifa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mwili na nafsi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa hii tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi hulidhania dogo, ilhali linawaliza vijana wetu kimyakimya: chunusi za usoni, na mafuta ya mimea yanayonunuliwa kwa matumaini ya kuziponya.

Ukipita Mwananyamala baada ya swala ya Ijumaa, iwe upande wa Kisiwani, Komakoma au Kwa Kopa, huchelewi kuyaona mafuta haya yamepangwa mezani pamoja na miswaki na manukato: zaituni, habasoda, nazi, nyonyo, ufuta, mwarobaini, ubuyu, na vichupa vya mafuta ya karafuu. Muuzaji huyasifu kwa maneno matatu: ni ya asili, hayana kemikali, na ni Sunna. Mama mwenye binti wa kidato cha pili aliyeacha kuinua uso mbele ya wenzake huyasikia maneno hayo, hufungua mkoba, hulipa.

Swali letu ni hili: je, mafuta yaliyosifiwa, hata yakasifiwa katika vitabu vyetu vitukufu, yanafaa kwa kila uso na kwa kila maradhi? Jibu ni hapana. Na kusema hapana si kuidharau Sunna, bali ni kuifahamu kama walivyoifahamu wanazuoni waliotutangulia.

Chunusi ni nini hasa

Kila kitundu cha ngozi kinachoota nywele, hata zile laini zisizoonekana, kina tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kijana anapobaleghe, homoni huzichochea tezi hizo zikatoa mafuta mengi kuliko zamani. Wakati huohuo chembe zilizokufa za ngozi hujikusanya mlangoni mwa kitundu na kukiziba. Mafuta yakikosa pa kutokea, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi juu ya ngozi za watu wazima na wenye afya, hustawi humo ndani. Ndipo huja uvimbe, maumivu na usaha.

Basi chunusi si damu chafu, wala si dalili ya mwili usiooshwa. Wala si ushahidi wa matendo ya siri kama wanavyonong'ona baadhi ya watu mitaani, wala haiponi kwa sababu tu binti ameolewa. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat inatukataza kuandama dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Mzazi anayemtazama mwanawe kwa jicho la tuhuma kwa sababu ya vipele vya balehe amemwongezea jeraha la pili, na hili la pili halionekani kwenye kioo.

Heshima ya zaituni na mipaka yake

Hapana shaka kwamba mzaituni ni mti mtukufu. Umetajwa kuwa mti uliobarikiwa katika aya ya 35 ya Surat An-Nur, na ukaapiwa mwanzoni mwa Surat At-Tin. Imam Tirmidhi amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliagiza mafuta yake yaliwe na yapakwe. Ama habasoda, hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imeitaja kuwa ina ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Lakini wanazuoni hawakuzisoma hadithi hizi kama anavyozisoma mchuuzi. Al-Khattabi, mmoja wa wafasiri wakubwa wa hadithi, alieleza kuwa tamko la kila ugonjwa katika hadithi ya habasoda ni la jumla lenye makusudio mahsusi, kwa kuwa hapana mmea mmoja unaokusanya tabia zote za dawa. Naye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika mlango wa tiba ya Mtume ndani ya Zad al-Ma'ad, alipambanua hata baina ya nchi na nchi. Kujipaka mafuta katika nchi ya joto kama Hijazi alikuona ni katika sababu kubwa za kuhifadhi afya, ama watu wa nchi za baridi akasema hawayahitaji.

Tutafakari, ndugu msomaji. Ikiwa mwanachuoni huyo aliona hukumu ya mafuta hubadilika kwa kubadilika hali ya hewa, sisi wa Dar es Salaam tuna haki ya kuuliza pia. Joto la Hijazi ni kavu, ngozi hukauka na kupasuka. Joto letu la pwani ni la unyevunyevu, na uso hushinda na jasho. Tena uso wa kijana mwenye chunusi tayari una mafuta kupita kiasi. Hadithi iliagiza mafuta yapakwe. Haikusema kuwa yanaponya chunusi, na kuongeza katika maneno ya Mtume yale ambayo hakuyasema ni jambo zito mno.

Kila mafuta na tabia yake

Tuanze na hayo hayo ya zaituni. Sehemu kubwa yake ni asidi ya oleiki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapaka watu wazima matone machache mkononi mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Ilionekana kuwa mafuta ya zaituni yalidhoofisha ule ukuta wa juu unaoilinda ngozi, ilhali ya alizeti hayakuudhuru. Hili haliiondolei zaituni baraka zake mezani. Linatufundisha tu kwamba chakula bora si lazima kiwe dawa bora ya uso.

Mafuta ya nazi ndiyo yetu sisi watu wa pwani. Bibi zetu walikuna nazi kwa mbuzi, wakakamua tui, wakalipika mpaka mafuta yakajitenga. Karibu nusu yake ni asidi ya loriki, ambayo katika maabara imeonekana kuua bakteria wa chunusi. Hapo ndipo wengi hupotea, kwani kisahani cha maabara si uso wa mtu. Juu ya ngozi, mafuta ya nazi ni mazito na yanajulikana kwa kuziba vitundu. Yanafaa kwa miguu iliyopauka na kwa nywele, ama kwa uso wenye chunusi huongeza tatizo. Hata yale ya nywele yanahitaji hadhari. Mwaka 1970 wataalamu Plewig, Fulton na Kligman walieleza aina ya chunusi inayotokea kwenye paji la uso na kandokando yake kwa watu weusi wa Marekani waliokuwa wakipaka mafuta ya nywele kila siku. Binti anayesuka, akapaka nywele mafuta, kisha akavaa mtandio unaobana kipaji, ayakumbuke haya.

Mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma zinasifika kwayo, ni mepesi zaidi na yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Watafiti waliona tangu miaka ya 1970 kwamba mafuta ya ngozi ya wenye chunusi yana upungufu wa asidi hiyo. Ndiyo maana mafuta mepesi ya namna hii hayatarajiwi kudhuru kama yale mazito, ingawa kuyaita dawa ya chunusi ni kuvuka mpaka.

Yapo mafuta ya mimea yaliyojaribiwa kwa chunusi na yakaonekana kufaa: ni ya mti wa chai wa Australia, ambao si chai ya Mufindi wala ya Lushoto bali ni mti mwingine kabisa. Mwaka 1990 watafiti wa Sydney waliwagawa wagonjwa 124 makundi mawili. Kundi moja lilipaka dawa yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, na jingine dawa ya hospitali iitwayo benzoili peroksaidi, nayo kwa asilimia 5. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Mafuta yalichelewa kufanya kazi, lakini yaliwasumbua watumiaji kwa uchache. Zingatia kipimo, ndugu msomaji: sehemu 5 katika 100. Anayeyapaka yakiwa matupu anaweza kuunguza ngozi. Na mafuta ya karafuu, kwa ukali wake, yasipakwe usoni kabisa.

Kutoka chunusi hadi mkorogo

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo tunapowaomba wazazi wasimame nasi. Katika ngozi yetu nyeusi, chunusi ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi, hasa ikiwa imebinywa. Kijana huliona doa hilo kuwa baya kuliko chunusi yenyewe, akatafuta cha kuling'arisha. Mtu humpa kikopo kisicho na jina, akaambiwa ni mafuta ya asili tu. Kumbe ndani yake mna mkorogo: krimu za steroidi kama betamethazoni au klobetazoli, haidrokwinoni, au hata zebaki.

Steroidi ina hadaa yake. Siku za mwanzo uvimbe hutulia, uso ukalainika, na muuzaji akashukuriwa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Kila anapojaribu kuacha uso huwaka, basi hurudia tena. Zebaki nayo hupenya mwilini na kuharibu figo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), badala ya iliyokuwa TFDA. Lakini sheria haiingii chumbani kwa kila binti. Jicho la mama ndilo linaloingia.

Udhu na saumu

Wasomaji huuliza kama mafuta ya usoni yanaharibu udhu. Imam an-Nawawi katika al-Majmu' amepambanua. Kitu chenye umbo, kama nta, kikizuia maji yasifike kwenye ngozi, udhu hausihi mpaka kiondolewe. Ama athari ya mafuta ya maji, ambayo maji huigusa ngozi ingawa huteleza juu yake, haidhuru. Kwa hiyo matone machache yaliyokwisha kunywewa na ngozi hayana tatizo, lakini tabaka nene la mafuta yaliyoganda lioshwe kwanza. Na kujipaka mafuta hakufunguzi saumu.

Tuongeze nasaha: kuosha uso kwa maji mara tano kwa siku ni rehema kwa mwenye chunusi, ila asitumie sabuni kali kila mara. Sabuni mara mbili, asubuhi na usiku, yatosha.

Wajibu wa muuzaji na wa mzazi

Abu Dawud amepokea hadithi kwamba anayejitia katika utabibu naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Muuzaji wa mafuta aliyesimama mlangoni mwa msikiti, akahakikishia watu uponyaji asiokuwa na elimu nao, aizingatie hadithi hii kabla ya kuhesabu faida. Na anayechanganya steroidi katika mafuta ya ufuta kisha akayaita ya asili ameingia katika ghushi, ambayo Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kuifanya.

Mzazi naye asimnyime mwanawe tiba kwa kuambiwa kuwa ni mambo ya ujana, yatapita. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Chunusi chache zinaweza kusubiri. Ama zile kubwa, zenye maumivu na zinazochimba makovu, zipelekwe kwa daktari mapema, kwa sababu kovu likishaingia haliondoki kwa mafuta yoyote. Wakazi wa Mwananyamala wana hospitali yao ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo mgonjwa huweza kuelekezwa kwa mabingwa wa ngozi Muhimbili. Nchi yetu pia ina kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992. Dawa huhitaji subira ya wiki 8 hadi 12. Vidonge vya jamii ya vitamini A vinavyotumiwa kwa chunusi kali humlemaza mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke aliyeolewa amweleze daktari hali yake bila haya.

Anayetaka kutumia mafuta

Aliyeridhika kutumia mafuta ya mimea achague mepesi, yenye lebo na tarehe, wala yasiwe yamechacha. Ayajaribu kwanza mahali padogo pembeni mwa taya kwa wiki moja. Vipele vikiongezeka, aache. Visipoongezeka, apake matone mawili au matatu usiku juu ya uso uliooshwa, wala asisugue. Asichanganye na ndimu, kwani ndimu na jua huunguza ngozi na kuacha madoa. Asibinye chunusi. Na akiona kikopo kinamng'arisha kwa siku tatu, aogope badala ya kufurahi.

Uso ni amana, na kijana mwenye uso huo ni amana kubwa zaidi. Tumsikilize, tumpe elimu, na tusimwache peke yake mbele ya meza ya mchuuzi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape vijana wetu afya ya mwili na utulivu wa nafsi. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.