Usukani wa pikipiki unapotetemeka: Hatua za kuokoa maisha msafarani

WIKENDI inapofika, makundi ya waendeshaji pikipiki huondoka Nairobi alfajiri kuelekea Naivasha, Magadi au Namanga. Wengi wao huamini kwamba hatari kubwa njiani ni malori na mashimo. Hata hivyo, ipo hatari nyingine inayotokana na pikipiki yenyewe: usukani kuanza kutetemeka ghafla kushoto na kulia, hata mwendeshaji akadhani unataka kumponyoka mikononi.

Hali hiyo huweza kutulia katika muda wa sekunde chache. Vilevile huweza kumwangusha mwendeshaji mbele ya wenzake wanaomfuata kwa kasi. Aghalabu tofauti huwa ni hatua anayoichukua katika sekunde hizo.

Gurudumu la mbele la pikipiki limeundwa kwa namna ya kujinyoosha lenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa lami huwa nyuma kidogo ya mhimili wa usukani, hivyo gurudumu hufuata uelekeo wa safari kama yafanyavyo magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali. Likigongwa na jiwe au ukingo wa shimo, hugeuka upande mmoja, likarudi, likapitiliza hadi upande wa pili. Katika pikipiki nzima, mtikisiko huo hufifia mara moja. Katika pikipiki yenye kasoro, huzidi kukua.

Kasoro hizo ni za kawaida. Beringi za usukani huweza kuwa zimelegea au kulika. Tairi huweza kuwa na upepo mdogo, au kulika upande mmoja. Rimu huenda imepinda, na spoku zimelegea. Aidha, mizigo mizito ikifungwa nyuma kabisa hupunguza uzito unaolikandamiza gurudumu la mbele, nalo likakosa kushika barabara vyema. Pepo za kando, hasa kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, pamoja na msukumo wa hewa unaotokana na malori, huweza kuuchochea mtikisiko.

Unapoanza, mwendeshaji hushawishika kufanya mambo mawili: kuukaza usukani kwa nguvu zote na kukanyaga breki. Yote mawili ni makosa. Gurudumu huweza kutikisika kati ya mara nne na kumi kwa sekunde, kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuifuata. Anaposukuma kushoto, tayari gurudumu limegeuka, na nguvu zake huishia kuuongeza mtikisiko badala ya kuuzima. Nayo breki ya mbele ikishikwa ghafla hulielemea gurudumu ambalo halijanyooka.

Inavyofaa ni kuushika usukani kwa uthabiti bila kushindana nao, viwiko vikiwa vimelegea. Mwendeshaji abane tangi la mafuta kwa magoti, ainamishe kiwiliwili mbele kidogo, kisha aachie mafuta taratibu na kuiacha pikipiki ipunguze kasi yenyewe. Mtikisiko ukishatulia, aonyeshe ishara, atoke barabarani na kusimama mahali salama. Asiendelee na safari kabla ya kujua chanzo chake.

Katika msafara, usalama wa mmoja hutegemea nafasi wanayomwachia wenzake. Ndiyo maana waendeshaji hushauriwa kujipanga kwa mshazari: kiongozi upande wa kulia wa leni, wa pili upande wa kushoto, na kuendelea hivyo. Kila mmoja aache angalau sekunde mbili kati yake na aliye mbele yake moja kwa moja, na sekunde moja kwa aliye mshazari naye. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni takriban mita 44. Kwenye kona na barabara nyembamba, wote wafuatane kwa mstari mmoja.

Wanaomwona mwenzao akiyumba waongeze nafasi hiyo kwa kupunguza mwendo polepole, wala wasijaribu kumpita. Mwendeshaji mzoefu anayefunga msafara ndiye anayepaswa kusimama naye, huku kiongozi akiwapeleka wengine hadi mahali penye nafasi ya kutosha. Msafara mzima ukisimama ukingoni mwa barabara, hasa karibu na kona, huzua hatari mpya.

Kinga bora, hata hivyo, hufanyika kabla ya kuondoka. Pikipiki ikiinuliwa hadi gurudumu la mbele likaning'inia, shika miguu ya mbele uivute na kuisukuma. Ukisikia mgoto, beringi zimelegea. Geuza usukani polepole. Ukikwama katikati, beringi zimelika. Pima upepo wa tairi kulingana na kitabu cha mtengenezaji, na mizigo mizito ifungwe chini, karibu na katikati ya pikipiki.

Ukaguzi huo hauchukui muda mrefu, na unawafaa wahudumu wa bodaboda sawa na wanaosafiri kwa starehe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwenye lami, ufa huo huenda ukawa ni beringi moja iliyopuuzwa wiki nzima, huku gharama ikilipwa na abiria aliyeketi nyuma.