Tanki la Samaki Linalojibadilisha Maji Lenyewe: Mfumo wa Matone kwa Mfugaji wa Dodoma

Siku hizi maswali mengi ninayopokea yanafanana: "Afisa, maji ya tanki yananuka, samaki wanakuja juu alfajiri kutafuta hewa, na maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Nifanyeje?"

Wengi jibu lao limekuwa ndoo. Jumamosi anatoa nusu ya maji, anajaza mapya, anasubiri Jumamosi nyingine. Leo nataka tuangalie njia nyingine: maji yaingie tone kwa tone usiku na mchana, na machafu yatoke yenyewe kwenda bustanini. Nitatumia mfano wa tanki la lita 5,000 lenye sato 200 wa gramu 100 kila mmoja. Hata kama una tanki dogo la kioo la samaki wa mapambo, hesabu ni ileile, unapunguza tu vipimo.

Uchafu unatoka wapi?

Uchafu unatoka kwenye chakula. Samaki akila protini, sehemu ya naitrojeni anaitoa kupitia mashavu ikiwa amonia. Sato 200 wa gramu 100 ni kilo 20 za samaki. Ukiwalisha asilimia 2.5 ya uzito wao, ni gramu 500 za chakula kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 30 kitakupa takriban gramu 14 za naitrojeni ya amonia kila siku. Huioni kwa macho, lakini imo.

Ukali wa amonia unategemea pH na joto la maji. Katika nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata 1 katika 100. Ikipanda hadi 8, ni kama 5 katika 100. Ikifika 9, ni zaidi ya 30 katika 100. Na maji ya kijani, jua la mchana likiwaka, pH yake hupanda. Ndiyo maana tanki moja linaweza kuonekana salama asubuhi likawa hatari saa tisa alasiri. Kwa hiyo kipimo cha pH na cha amonia si anasa. Nunua kabla hujanunua vifaranga.

Kwa nini matone na si ndoo?

Sababu ya kwanza ni mshtuko. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30. Hapa kwetu Juni na Julai usiku ni baridi, na simtanki lililolala nje asubuhi lina maji ya baridi kweli. Kijana mmoja nje kidogo ya mji alitoa nusu ya maji asubuhi ya Julai akajaza papo hapo kutoka simtanki. Siku tatu samaki walikataa kula, halafu wakaanza kufa. Alidhani kauziwa vifaranga wabovu, kumbe ni joto lililoshuka ghafla. Maji yakiingia kidogo kidogo, joto la tanki haliyumbi.

Sababu ya pili ni dawa. Maji ya bomba yana klorini, nayo inaunguza mashavu ya samaki. Ikiingia nyingi kwa mpigo ni hatari. Ikiingia matone inapungua nguvu haraka.

Sababu ya tatu ni chumvi, na hii wengi hawaifikirii. Dodoma tunapata mvua ya msimu mmoja, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, halafu ni jua na upepo. Maji yakivukizwa, chumvi inabaki tankini. Tuseme tanki letu lina uso wa mita 5 za mraba na kwa siku zinapotea milimita 6. Hizo ni lita 30. Ukijazia lita 30 za maji ya kisima yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, umeongeza gramu 30 za chumvi na hujatoa hata moja. Baada ya siku 167 hivi, chumvi ya tanki imekuwa mara mbili. Huo ni karibu msimu mzima wa kukuza sato! Kwa hiyo shika hili: kujazia maji siyo kubadilisha maji. Na visima vyetu vingi vya ukanda huu tayari vina chumvichumvi.

Matone pekee hayatoshi

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo watu wanapopoteza mtaji.

Tukibadilisha asilimia 10 kwa siku, ni lita 500. Amonia inayozalishwa ni gramu 14 kwa siku. Gawanya gramu 14 kwa lita 500: kama hakuna kitu kingine kinachoiondoa, maji yatapanda taratibu hadi kufikia miligramu 28 kwa lita. Hicho ni kifo. Ili uishushe hadi miligramu 1 kwa maji peke yake, ungehitaji lita 14,000 kila siku. Dodoma hii, nani anazo?

Kwa hiyo kazi ya amonia wape bakteria. Chukua pipa, jaza kokoto zilizooshwa au vifuniko vya chupa za plastiki, halafu pampu ndogo ipandishe maji ya tanki yapite humo na kurudi saa zote. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto hugeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo samaki anaivumilia zaidi. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuzoea, hivyo anza na samaki wachache na chakula kidogo. Usioshe kokoto zote kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua.

Matone yana kazi yake: kutoa nitrati, chumvi na maji mazito ambayo bakteria hawawezi kuyaondoa. Pipa na matone ni kama jembe na mpini, kimoja bila kingine hakilimi.

Jinsi ya kufunga

*1. Tanki la akiba.* Simtanki la lita 2,000 juu ya jukwaa. Kwa lita 500 kwa siku linakuvusha siku 4 za mgao. Likitoka kujazwa maji ya bomba, funga matone siku moja, acha mfuniko wazi kidogo ukiwa na wavu wa mbu ili klorini itoke.

*2. Ndoo ya kati.* Wengi wanaunga bomba moja kwa moja kutoka simtanki. Shida ni kwamba simtanki likiwa limejaa matone yanakimbia, likipungua yanalegea. Dawa yake ni ndoo ya lita 20, iliyo chini ya simtanki lakini kama mita 1 juu ya maji ya samaki, yenye koki ya boya kama ile ya tanki la choo. Ndoo inabaki na kimo kilekile muda wote, na matone yanabaki na kasi ileile.

*3. Matone.* Koki iliyofunguliwa kidogo sana huziba kwa mchanga. Tumia vile vitoa-matone vya umwagiliaji wa matone, na weka chujio kabla yake. Lita 500 kwa siku ni karibu lita 21 kwa saa. Kwa maandishi ya kiwandani, vitoa-matone 5 vya lita 4 kwa saa vingetosha. Lakini vipimo hivyo ni vya mgandamizo wa maji wa takriban mita 10. Kwa kimo cha mita 1 kila kimoja kitatoa pungufu ya nusu, huenda ukahitaji 15 au zaidi. Usiamini karatasi, pima. Lita 500 kwa siku ni mililita 347 kwa dakika. Kinga matone yote kwenye chupa ya nusu lita: ijae kwa dakika 1 na sekunde 26 hivi. Ikichelewa, ongeza vitoa-matone; ikiwahi, punguza.

*4. Bomba la kutokea.* Simamisha bomba la inchi moja na nusu katikati ya tanki, likipita sakafuni kwenda nje. Urefu wake ndio kimo cha maji yako. Acha sentimita 10 chini ya mdomo wa tanki. Lizungushie bomba pana la inchi 3 lililotobolewa chini tu, na juu lipite usawa wa maji. Hapo maji yanayotoka yanavutwa kutoka sakafuni kwenye kinyesi, si yale masafi ya juu. Weka wavu, samaki wasitoke. Faida nyingine ni kwamba bomba hili husaidia tanki lisifurike.

*5. Mwisho wa bomba la kuingizia* ukae juu ya maji, usizamishwe.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba matone yanaendeshwa na mteremko, hayahitaji umeme. Pampu ya pipa ndiyo inauhitaji. Umeme ukikatika, usilishe hadi urudi. Ukiweza, weka pampu ya hewa yenye betri.

Maji yanayotoka ni mali

Ukiondoa uvukizi, kila siku unapata takriban lita 470 zenye mbolea. Mboga zikihitaji lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, hizo zinatosha mita 90 na kidogo za mraba. Peleka kwenye mchicha, chainizi, spinachi au nyanya. Kama maji yako yana chumvi, epuka maharage, hayavumilii. Na usiyapitishe kwenye mipira ya matone bila kuchuja, kinyesi kitaziba matundu. Mfereji au mpira wa kawaida unatosha. Usiyaelekeze korongoni wala kwenye chanzo cha maji ya watu.

Hapa ndipo biashara inapokaa sawa. Maji uliyolipia mara moja yamelisha samaki, halafu yamelisha mboga. Mwenye ndoo anamwaga. Wewe unavuna mara mbili.

Ratiba

- Kila siku: tazama matone, tazama samaki wakati wa kula.
- Kila wiki: pima matone kwa chupa, safisha chujio, pima pH na amonia.
- Kila mwezi: safisha ndoo ya kati na angalia boya.
- Amonia ikipanda: acha kulisha kwanza, ongeza hewa, halafu tafuta chanzo.

Ushauri wangu wa mwisho: kabla ya kufunga, peleka maji yako yapimwe chumvi na pH. Kisha funga tanki moja tu, liendeshe miezi miwili, ndipo uongeze la pili. Ukikwama, mwone afisa uvuvi au afisa ugani wa kata yako ukiwa na daftari la vipimo mkononi. Tukiwa na namba tunasaidiana haraka. Tukiwa na "maji yananuka" peke yake, tunabahatisha.

Kazi njema.