Kichwa Kinachoogopa Chanuo

MSAFIRI atokaye Mombasa kwa reli, akishapita Mtito Andei na Kibwezi, hufika Emali, mji wa Ukambani ulio ukingoni mwa Umasaini. Hapo ndipo barabara ya Loitokitok inapochepuka kuufuata mlima Kilimanjaro, na hapo ndipo Mkamba na Mmasai wanapokutana sokoni, huyu na mbuzi wake, huyu na mbaazi zake. Lakini leo, ndugu msomaji, sina haja na mbuzi. Nina haja na nywele.

Kwa Mmasai nywele ndefu ni daraja. Morani huzifuga, akazisuka nyuzi nyembamba na kuzipaka ngeu iliyochanganywa na mafuta, hata ifike sherehe ya eunoto, ndipo mama yake mzazi anapomkalisha kitako akamnyoa. Wako vijana mashujaa, watu wa mikuki, waliolia kwa kuziona nywele zile zikianguka. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu akaniambia kwamba nywele ni upuuzi, kichwa kikisumbua kinyolewe, yakaisha.

Maana hivyo ndivyo alivyoambiwa mama mmoja wa pale Emali. Habari zake nilizipata kwa msusi wake, bibi wa makamo mwenye kibanda nyuma ya soko. Mama huyo ana binti mwenye usonji, ile hali ambayo mtu huzaliwa nayo, akili na hisi zake zikaupokea ulimwengu kwa namna nyingine na yetu. Binti anazitaka nywele ndefu kama za dada zake. Lakini chanuo likigusa utosi hupiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Majirani wakasema amedekezwa; wengine wakasema ana pepo. Mwishowe ukaletwa mkasi, na binti alipouona akaingia mvunguni mwa kitanda, asitoke hadi jioni.

"Mzee, hata mimi nilidhani ni ukaidi," msusi aliniambia. "Siku moja nikampa chanuo alishike mwenyewe. Akajichana ncha, akapanda kidogo, akasimama. Akaniambia: hapa ndiyo, hapa hapana. Basi tangu siku hiyo namfuata yeye."

Bibi yule hakusoma vitabu vya udaktari, lakini aliyoyagundua yanalingana navyo. Daktari Leo Kanner, alipoandika juu ya watoto wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, alitaja jinsi sauti kubwa zilivyowatisha. Hata hivyo ilipita miaka 70 mpaka mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo, uliotoka mwaka 2013, ulipoihesabu waziwazi tofauti ya hisi kuwa moja ya dalili zenyewe. Temple Grandin, profesa wa elimu ya mifugo ambaye mwenyewe ana usonji, ameeleza kwamba utotoni kuoshwa nywele kulimuuma kweli kweli. Mguso mwepesi ulimkera, ilhali kubanwa kwa nguvu, kwa kiasi anachokitawala yeye, kulimtuliza, hata ujanani akajiundia mashine ya kumbana. Si wote walio hivyo. Wako wenye usonji wanaopenda kuchanwa saa nzima. Lakini anayepiga kelele yafaa asadikiwe. Maumivu anayoyasikia mtu kichwani mwake hayana shahidi mwingine.

Msusi wa Emali hutumia chanuo la meno mapana. Nywele hulowekwa kwanza, zikapakwa mafuta, kisha zikagawanywa mafungu. Kila fungu hulishika barabara karibu na shina, ili mvuto wa chanuo usifike kwenye ngozi, akaanza ncha na kupanda kidogo kidogo. Mkono uliotulia, hata ukiwa mzito, humpendeza binti kuliko mkono mwepesi unaopapasa. Huhesabu kwa Kikamba hadi kumi, kisha huweka chanuo chini, hata kama fundo halijafunguka! Hilo ndilo lililonistaajabisha. Nimewaona wasusi wetu wa pwani, wakishakamata fundo hawaachi mpaka litoke na machozi. Yeye huliacha, na mtoto, kwa kuwa anajua kumi itafika, hutulia.

Humsuka mabutu makubwa yasiyobana, yakakaa wiki mbili, ili chanuo lisiwe la kila siku. Msuko wa kubana huvuta ngozi mchana na usiku, na ukizoeleka hung'oa nywele za pembezoni mwa paji. Na kwa kuwa Emali ni nchi ya vumbi, binti hulala na kitambaa laini kichwani, alichokichagua mwenyewe. Kazi ikiwa ndefu, nusu hufanywa Jumamosi na nusu Jumapili. Binti hutembea siku nzima na kichwa nusu, watu wakacheka, yeye hajali.

Sisi Waislamu tuna jambo jingine, nalo ni tohara. Nimesikia mama akimfumua binti yake misuko kwa nguvu, kwa kuchelea kwamba josho halitasihi. Bi Ummu Salama, radhi za Mungu ziwe juu yake, alimwuliza Mtume s.a.w. jambo hili hili la kufumua misuko kwa ajili ya janaba, naye akajibiwa kwamba yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Wanavyuoni wetu wa Kishafii husema: maji yakifika mashinani bila kufumua, si lazima kufumua. Msuko uliolegea basi una faida mbili. Na katika udhu, madhehebu yetu hutosheka na kupaka maji sehemu ya kichwa, hata ikiwa ndogo. Asiyestahimili kiganja kizima utosini asilazimishwe.

Yako pia mambo yetu ya pwani tunayoyaona ni heshima, nayo kwa mwenye usonji huwa mateso. Siku ya harusi binti hufukizwa udi nywele zikiwa zimeachwa, akatiwa asmini, akafungwa pini za mtandio mbili tatu nyuma ya masikio, na saluni ikampulizia ile mashine ya kukaushia inayonguruma. Harufu, mlio, na ncha za pini, vyote kwa pamoja. Aulizwe kabla ya siku, nyumbani, pasipo wageni: udi au asmini, au visiwepo vyote viwili? Mtandio wa pini, au wa kuvaa tu? Nywele zikauke kwa upepo barazani? Asiyeweza kusema apewe vitu hivyo mkononi kimoja kimoja, kisha itazamwe ni kipi anachokirudisha.